Chumba chembamba cha Lamu: mkoko ndio uliopima

Anayeingia nyumba ya kale ya mawe ya Lamu kwa mara ya kwanza hushangaa. Nyumba kubwa, kuta nene, lakini chumba chembamba kama ushoroba. Kirefu, ndiyo, ila upana kwa kawaida haufiki hata mita 3. Wapo wanaosema sababu ni faragha, wengine ubaridi. Mimi naanzia darini.

Dari imebebwa na boriti za mkoko, mti mgumu usioliwa ovyo na mchwa. Mzigo wake si haba: juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha humwagwa kokoto na chokaa, watu wakaitwanga kwa vijiti hadi ishikane. Boriti ikizidi kuwa ndefu, hulegea katikati. Basi fundi alikuwa na uhuru wa urefu tu: alilaza boriti sambamba, nyingi kadiri alivyotaka. Akitaka nafasi zaidi, aliongeza chumba kingine nyuma ya kile. Ndiyo maana nyumba hizo huenda kwa safu: kiwanda (yaani ua), misana (kumbi ndefu), kisha ndani (chumba cha ndani kabisa).

Chokaa nayo ilikula miti. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa. Yaliyoiva yalimwagiwa maji yakawa unga. Matumbawe laini ya kuchonga mihirabu na zidaka (vishubaka vya ukutani) yalitolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi, kwani yakikaa hewani hugeuka jiwe kwelikweli.

Sasa, kama boriti ndiyo iliyofunga upana, msikiti mkuu wa kale wa Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ulipanukaje? Katika upanuzi wa karne ya 14 mafundi waliukwepa mkoko kwa njia mbili: kuba na matao yasiyohitaji boriti, na nguzo nyingi zilizougawa ukumbi katika nafasi ndogondogo. Nguzo hizo zilimzuia mwenye kuswali asimwone imamu, lakini bila hizo hapangekuwa na paa. Kwangu huo ndio ufundi hasa, kuliko mapambo yote ya Husuni Kubwa, kasri la hukohuko Kilwa.

Boriti hizohizo za mkoko zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, na vyumba vya kale vya Kuwait na Bahrain vikatoka vyembamba vilevile.

Ukifika Lamu, usikimbilie kupiga picha mlango. Inua macho darini, uhesabu boriti.