Mwanambuzi Asiyerudi: Umbo la Chad Gadya

Pasaka ya Kiyahudi inapokaribia, katika chekechea za masinagogi nchini Marekani utawakuta watoto wa miaka 3 au 4 wakiinua picha zilizobandikwa kwenye vijiti: mbuzi, paka, mbwa, fimbo. Wanajifunza Chad Gadya, yaani mwanambuzi mmoja. Wimbo uko katika Kiaramu, lugha ambayo hata wazazi wao wengi hawaijui. Hata hivyo wanaushika upesi, na kinachowashikisha ni umbo lake.

Kisa ni chepesi. Baba ananunua mwanambuzi kwa zuzi 2, sarafu za kale. Paka anamla mbuzi, mbwa anamuuma paka, fimbo inampiga mbwa, moto unaichoma fimbo, maji yanauzima moto, ng'ombe anayanywa maji. Mchinjaji anamchinja ng'ombe, malaika wa mauti anamchinja mchinjaji, na mwisho Mungu anamuua malaika. Beti ni 10. Wimbo ulichapwa Prague mwaka 1590, mwishoni mwa Haggada, kitabu kinachofuatwa katika Seder, mlo wa usiku wa Pasaka. Mapema usiku huo mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali 4. Saa kadhaa baadaye, macho yakiwa mazito, wimbo huu humzuia asisinzie.

Tazama jinsi ubeti unavyojengwa. Baada ya ule wa kwanza, kila ubeti huanza na kitenzi cha kuja. Mgeni anafika, anatenda tendo moja, kisha ulimi unageuka na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye zile zuzi 2. Kiaramu hukifunga kila kiungo cha mnyororo kwa herufi moja tu iliyobandikwa mwanzoni mwa kitenzi; Kiswahili kingelazimika kubadilisha virejeshi, iliyo-, ulio-, yaliyo-, kila ngeli ikidai haki yake. Matokeo ya usanifu huu ni makubwa. Kila mwenye nguvu hutamba kwa ubeti mmoja tu. Katika ubeti unaofuata ameshushwa cheo, amekuwa kishazi tegemezi. Asiyeshushwa ni mwanambuzi. Yeye ndiye kituo cha kila ubeti, na mtoto anayeimba hulitaja jina lake kuliko la yeyote mwingine.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hadithi ya Goso, iliyomo katika Swahili Tales ya Edward Steere ya mwaka 1870. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Buyu linamwangukia, anakufa. Wanafunzi wanaanza msako: upepo wa kusi unakisingizia kiambaza, kiambaza panya, panya paka, na kuendelea hadi paa aliyekuwa mtini. Humo pia moto, maji na ng'ombe wanafuatana kwa mpangilio ule ule. Lakini katika Goso kila mshtakiwa, isipokuwa paa, husema na kujitetea kwa unyonge wake, na mnyororo unatafuta mwanzo wa kosa. Katika Chad Gadya hakuna anayejitetea. Mkosaji tumemjua tangu ubeti wa pili; mnyororo unatafuta mwisho.

Mwisho huo una mtego. Ikiwa paka alikosa, mbwa alitenda haki. Basi fimbo ilikosa, moto ulitenda haki, maji yalikosa. Endelea kuhesabu hivyo hivyo: malaika wa mauti anaangukia upande wa haki, na Mungu upande wa kosa! Wafasiri wa Kiyahudi wamelisumbukia fumbo hili. Wengine hulikwepa kwa kumfanya mwanambuzi kuwa taifa la Israeli na walaji kuwa dola zilizolitesa, kila moja ikimezwa na nyingine. Tafsiri hiyo inapendeza, ila haigusi jambo ambalo umbo linalisema wazi: mauti yamekufa, na bado ubeti wa mwisho unarudi kwa mbuzi aliyeliwa. Hafufuki. Anakumbukwa.

Msanii El Lissitzky, alipouchorea wimbo huu kitabu mjini Kyiv mwaka 1919, aliipa kila sura kuu rangi inayolingana na neno lake katika maandishi ya Kiyidi yaliyo juu ya picha. Vijiti vya chekechea vinafanya kazi hiyo hiyo: kila neno lina mwili, na mwili ukiondolewa pengo linaonekana.

Ndiyo maana mwalimu anayekomea kwa ng'ombe, akiwahurumia wadogo wasikutane na mchinjaji na malaika, anaharibu zaidi ya anachookoa. Wimbo uliokatwa hapo unamwacha ng'ombe akiwa mshindi, yaani unafundisha kwamba mwenye nguvu wa leo hana wa kumfuata. Mtoto amekwisha kumwona mbuzi akiliwa katika ubeti wa pili na hakulia. Anayeweza kuubeba ubeti huo anaweza kuubeba wa 10. Uimbwe wote.