Rupia ya Mombasa

Sarafu yaweza kusomwa kama kitabu, na kuhakikiwa vilevile. Tuitazame rupia ya fedha iliyotolewa mwaka 1888 na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, kwa jina la Mombasa.

Kwa ufundi haina kasoro kubwa. Ilipigwa chapa Birmingham, huko Uingereza, kwa mfano wa rupia ya Bara Hindi iliyokwisha kuzoeleka pwani. Upande mmoja pana jua lenye miali, na juu yake taji. Upande wa pili pana mizani, alama ya haki. Wito wa Kampuni nao umetiwa: Mwanga na Uhuru.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: Mombasa yenyewe i wapi? Jina lipo, mji haupo. Hapana Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Hapana msikiti wala mlango wa nakshi wa Mji wa Kale. Hapana hata jahazi moja. Jua lile lachomoza kana kwamba kabla yake palikuwa giza tupu, ilhali Mombasa ilifanya biashara na Arabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla ya Kampuni kuzaliwa. Huenda ikasemwa kwamba hii ilikuwa fedha ya sokoni tu, si ya ukumbusho. Naam, lakini atiaye jina la mji hudaiwa sura yake.

Na wito je? Tusiidhulumu Kampuni. Tarehe 1 Januari 1889 iliwakomboa kwa malipo watumwa watoro wapatao 1,400 waliokimbilia Rabai na misheni nyingine. Walakini malipo yaliwaendea mabwana, si waliotumikishwa. Na utumwa haukufutwa kisheria pwani mpaka mwaka 1907, Kampuni ikiwa imekwisha kuondoka tangu 1895.

Sisi wa Machakos tuna fungu letu katika habari hii. Mwaka 1889 Kampuni iliweka kituo hapa, na jina la mzee Masaku likageuka vitabuni kuwa Machakos. Pwani jina liliandikwa, mwenyewe asichorwe. Huku bara hata jina halikuandikwa sawasawa.

Basi, kama kazi ya mfua fedha, rupia hii ni njema. Kama heshima kwa mji, ni pungufu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atakaye kuutukuza mji na awatazame kwanza watu wake, ndipo aandike jina.