Fundi wa Ngara na Diski Isiyolala

Seva ni ya shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo. Mwalimu wa kompyuta ameileta hadi Ngara mjini, akipitia Lusahunga na Nyakahura, ikiwa imeviringishwa kwa kitenge. Ndani mna diski mbili: SSD ndogo yenye mfumo wa Debian, na diski kubwa ya kuzunguka, ya inchi 3.5, iliyojaa video za masomo na mitihani ya zamani. Shuleni inakula umeme wa betri za sola. Shida aliyokuja nayo mwalimu ni moja: betri zinakwisha kabla hakujakucha.

Huku watu wanaijua thamani ya wati. Miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa na majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na ingawa sasa maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, yanatoa megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi, shule hii bado iko mbali na nguzo.

Fundi, dada asiye na maneno mengi, anaiwasha seva na kuweka kiganja juu ya diski. Anasikiliza. Mvumo mwembamba, kisha tiki. Mvumo, kisha tiki. Hiyo tiki ni vichwa vya kusomea vikiondoka juu ya sahani na kwenda kuegeshwa. Anaandika amri ya smartctl, na jedwali la afya ya diski linajaa kioo. Macho yake yanakwenda moja kwa moja mstari wenye namba 193, unaohesabu mara ambazo vichwa vimeegeshwa: zaidi ya laki mbili. Anainakili namba hiyo daftarini, anaandika na saa pembeni, halafu anaacha kila kitu kama kilivyo. Nusu saa nzima hagusi kitu.

"Fundi, hatuanzi?" mwalimu anauliza.

"Tumeshaanza, mwalimu."

Anaposoma tena, namba imepanda kwa makumi. Diski za aina hii kwa kawaida hutengenezwa zihimili maegesho laki tatu hadi sita, kwa hiyo vichwa vinachakaa huku umeme unaookolewa ni kiduchu, kwa sababu sahani zenyewe hazijasimama hata mara moja. Hapo ndipo nami, ninayetazama pembeni, nilipoelewa kwa nini hakuwa na haraka. Diski iliyo macho bila kazi hula kama wati 5. Inapoanza kuzungushwa kutoka kusimama huvuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache. Kwa hesabu ya umeme, usingizi wa dakika moja tu unatosha kurudisha gharama hiyo. Kwa hesabu ya mota, kuamshwa kila dakika ni kuiua. Anahitaji muda unaofaa pande zote mbili.

Lakini kwanza amjue anayeizuia kulala. Anafungua fatrace, programu inayoonyesha kila faili inayoguswa na nani anaigusa, na anaiangalia ikitiririka. Kumbukumbu za mfumo zinaandikwa kwenye diski kubwa. Anazihamishia kwenye SSD. Kwenye faili ya fstab anaongeza noatime, ili kusoma video kusilazimishe kuandika muda wa kusomwa. Kisha anamgeukia mlinzi mwenyewe: smartd, inayokagua afya ya diski kila baada ya dakika 30, nayo huweza kuizindua. Anaiwekea "-n standby", ikute diski imelala ipite bila kuigusa. Hatua hii ni rahisi kuiruka.

Sasa ndipo anashika hdparm, amri ya kupanga usingizi wa diski. Kwa -B anaipa 254, vichwa viache kuegeshwa ovyo. Kwa -S, muda wa kukaa bila kazi kabla ya kulala, anaipa 240. Hapa kila kipimo ni sekunde 5, hivyo 240 ni dakika 20. Ukivuka hadi 241, hesabu inageuka kuwa ya nusu saa nzima, na anayekisia hujikuta pengine kabisa. Zipo diski zinazopuuza amri hizi, ndiyo maana haamini hadi aone. Tunakaa. Dakika ya ishirini mvumo unashuka, unakwisha. Anauliza kwa hdparm -C, amri isiyoiamsha diski, na jibu linakuja: standby, yaani imelala.

Mwisho anaandika yote kwenye hdparm.conf, akiitaja diski kwa namba yake ya kiwandani iliyo chini ya by-id badala ya jina kama sda, maana herufi hizo huweza kubadilishana kompyuta inapowashwa upya. Anazima, anawasha, anasubiri dakika 20 nyingine, anauliza tena. Standby.

Kwa saa 12 za usiku, hizo wati 5 ni karibu wati-saa 60 zinazobaki kwenye betri. Nawe mwenye seva ya sola na diski ya kuzunguka, mwombe fundi wako akusomee mstari wa 193 mara mbili, kwa kupishana nusu saa, kabla hajabadilisha chochote.