Uhakiki wa Historia, Mila na Desturi za Wagogo kama Chanzo cha Akiolojia ya Mandhari

Akiolojia ya miji iliyojengwa na wahamaji imejikita katika maeneo kama Karakorum ya Mongolia, mji wa karne ya 13 ambao masalia ya kuta zake yanaweza kupimwa. Kipimo hicho kikitumiwa katika uwanda wa kati wa Tanzania, Ugogo huonekana nchi isiyo na makazi ya kale. Hata Engaruka, upande wa kaskazini, iliathiriwa na mtazamo huo. Louis Leakey alikadiria kuwa ilikaliwa na makumi ya maelfu ya watu. Tafiti za baadaye, zikiwemo za John Sutton, zilihamishia uzito kwenye mifereji na mashamba ya umwagiliaji ya takriban hekta 2,000.

Kitabu cha Mathias Mnyampala, kilichochapishwa mwaka 1954, kinafungua njia nyingine. Mnyampala haelezi magofu. Anasimulia koo, zilikotoka na nchi zilizotawala. Masimulizi hayo yakisomwa pamoja na utafiti wa Peter Rigby wa mwaka 1969, jambo moja hubainika: kaya za Wagogo zilihama mara kwa mara, ilhali maeneo ya matambiko yaliyo chini ya watemi wenye mawe ya mvua yalidumu. Kilichodumu, basi, ni nchi, si nyumba. Tembe iliyoachwa huporomoka pamoja na paa lake la udongo, ikabaki tuta dogo ambalo mtafiti anayetafuta kuta za mawe atalipita.

Hata hivyo, kitabu hiki hakiwezi kupokelewa bila tahadhari. Kiliandikwa chini ya utawala wa kikoloni uliotegemea watawala wa jadi, hivyo nasaba za watawala zilikuwa hoja za kisiasa. Aidha, masimulizi ya koo hayatoi tarehe za kuaminika. Kutumia mipaka ya Mnyampala kama ramani ya karne za kati ni kuyabebesha masimulizi mzigo yasioweza kuubeba.

Thamani yake ni kuelekeza mahali pa kuchimbua: kwenye visima, mabwawa, vilima vya matambiko na mahame yenye tabaka za samadi. Kazi hiyo haiwezi kungoja. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ardhi hiyohiyo inapimwa viwanja, na tuta la tembe likishasawazishwa, masimulizi hayatakuwa na ushahidi wa kuyathibitisha wala kuyakanusha.