Njia ya Bara Katika Vitabu Vitatu

Wahenga walisema, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Neno hili yafaa alikumbuke kila asomaye habari za safari za bara, yaani safari za watu wa pwani kwenda magharibi kutafuta pembe na watumwa. Kwetu Kilwa Kivinje jambo hili si la mbali. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia itokayo Ziwa Nyasa, na watu wengi walipakiwa hapa majahazini kwenda Unguja, hata mkataba wa 1873 ulipoikataza biashara hiyo baharini. Miongoni mwetu wamo wazao wa waliokwenda na wazao wa walioletwa. Basi namna ya kuisimulia njia ile yatuhusu sote.

Kitabu cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe, na Kiswahili chake ni chepesi, hakina pambo. Lakini itazameni silabi -ka-. Pembe hununuliwa kwa -ka-, na mji hutekwa kwa -ka- ile ile. Mambo yafuatana kama wapagazi katika njia nyembamba, wala hapana pa kusimama na kuuliza. Frasila zahesabiwa, wapagazi na mateka karibu wote hawana majina. Mwandishi hakukusudia kujilaumu, ila msomaji makini huiona lawama katika kimya hicho.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934. Babaye alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa, na kwa hiyo masimulizi yamegeuka upande. Waliokuwa hesabu sasa wana wazazi, wana vijiji, wana machozi. Hata hivyo sifa za Waingereza zimezidi kipimo, hata mateka aonekana kana kwamba hakuwa na nia wala hila yake mwenyewe. Ngozi imevutwa tena, ingawa kwa mkono mwingine.

Cha tatu ni Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, cha 1994, ambacho Ida Hadjivayanis alikifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mtoto Yusuf ametolewa rehani kwa deni la babaye. Humwita tajiri Aziz kama mtu amwitavyo ndugu wa wazazi wake. Khalil, naye rehani vile vile, amwonya kwamba huyo si ndugu, amwite seyyid. Katika kubadili neno moja la heshima, utumwa wote wafunuka, wala mwandishi hakuhubiri. Kisha msafara waenda magharibi, watu wafa njiani, Chatu awanyang'anya mali, na Mzungu atokea kuamua shauri. Waliokwenda kuchukua wamwona nyuma yao atakayechukua zaidi.

Kwa sababu hii nawashauri walimu wenzangu wasiwape wanafunzi kitabu kimoja peke yake. Wawape ukurasa wa kila kimoja, wawaulize: Mtenda ni nani? Nani ametajwa jina, na nani amehesabiwa tu? Mtoto akijua kuuliza hivyo, hatadanganywa na sarufi nzuri, wala hataona haya kusema babu zake walikuwa upande gani wa mnyororo.