Istilahi za Kuhamisha Mashine Nzito: Uhakiki wa Tafsiri Moja Iliyotumika Haydom

Katika makala haya tumekusudia kuipima tafsiri moja fupi: karatasi ya maelekezo iliyofuatana na mashine ya kukereza chuma iliyopelekwa katika karakana moja ya Haydom, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Hatumtaji mfasiri wala aliyemwajiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengi yamo katika tafsiri za ufundi tunazozifanya sote. Tulikuwapo karatasi hiyo ilipotumika, na tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 2,000 hivi. Iliteremshwa kutoka kwenye lori juu ya mbao zilizoinamishwa, ikiviringika juu ya vipande vya bomba, huku watu sita wakiizuia kwa kamba kutoka nyuma. Katikati ya mteremko msimamizi aliona bomba moja limekwenda upande. Akaitoa amri kama ilivyoandikwa katika karatasi: “Acha!” Waliokuwa wakipanga mabomba wakasita, wawili kati ya waliokuwa kambani wakaiachia kamba. Mashine ikateleza kiasi cha shubiri mbili, kisha ikazuiwa na kabari. Hakuna aliyeumia. Wala hakuna aliyekosa utii, kwani kila mmoja alilitii neno alilolisikia.

Kosa lilikuwa katika neno lenyewe. “Acha” ina maana ya kukoma kutenda, na ina maana pia ya kukitoa kitu mkononi. Barazani, maneno yanayoitangulia na kuifuata huzitenganisha maana hizo. Lakini amri ya kazi ni neno moja, hupigwa kwa sauti kubwa, na hutakiwa kutekelezwa kabla mtu hajawahi kufikiri. Neno la namna hiyo halina budi kuwa na maana moja tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee Haydom. Katika eneo hilo hukutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti. Wanyisanzu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Na Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu hawa kazini. Hata mzawa wa pwani angeweza kutatanishwa na “Acha!”, sembuse kundi ambalo kila mmoja amekuja kazini na mazoea ya lugha yake.

Kosa la pili limo katika kichwa cha karatasi: “Kusafirisha kwa Usalama Zana za Mashine”. Fundi aliyesoma maneno hayo alidhani yanahusu spana na visu vya kukatia, yaani zana zinazotumiwa pamoja na mashine. Mfasiri alikusudia mashine zenyewe: kerezo, keekee kubwa ya kusimama, na mashine ya kuchonga chuma. Alifuata maneno ya lugha ya asili moja baada ya jingine, akayapoteza yaliyokusudiwa. Sisi tungesema “mashine za karakana”. Wala hatuzungumzii vitu vya ugenini. Nchi hii ilipata karakana kubwa ya Mang’ula kutokana na ujenzi wa reli ya TAZARA, na katika miaka ya 1980 ilijenga kiwanda cha kutengeneza mashine za namna hii huko Hai, Kilimanjaro, kwa msaada wa Bulgaria.

Tatu, karatasi inaonya kwamba “mashine ina kichwa kizito”. Katika karakana, “kichwa” cha kerezo ni ile sehemu ya upande mmoja inayozungusha chuma kinachokerezwa. Ni kweli kwamba upande huo ni mzito zaidi, na anayefunga kamba lazima alijue hilo. Lakini onyo lililokusudiwa lilikuwa jingine, kwamba uzito umekaa juu na mashine yaweza kupinduka kwa ubavu. Tena, mtaani mwenye kichwa kizito ni mtu asiyeelewa upesi, na baadhi ya wasomaji walicheka mahali walipopaswa kuogopa. Ingetosha kuandika: “Mashine hii huelemea juu, isipozuiwa kwa ubavu hupinduka.”

Kosa la nne ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani. Karatasi inasema: “Pembe ya kamba isizidi digrii 60.” Pembe hiyo hupimwa kutoka wapi? Tuseme mzigo wa kilo 2,000 umening’inizwa kwa kamba mbili zilizokutana kwenye ndoano moja. Ikiwa digrii 60 ni pembe iliyo kati ya kamba hizo mbili, kila kamba hubeba kilo 1,155 hivi. Ikiwa zimepimwa kutoka mstari wa wima hadi kwenye kila kamba, kila moja hubeba kilo 2,000 kamili. Namba ni ile ile, mashine ni ile ile, lakini kamba iliyotosha katika fasiri ya kwanza yaweza kukatika katika fasiri ya pili. Kilichohitajiwa ni maneno matatu tu: “kati ya kamba”.

Haki yatudai tuseme pia yaliyo mema. Agizo la “inua kidogo, tegemeza kidogo” limeelezwa kwa ufupi wa kupendeza, na kila aliyelisikia alijua kwamba mbao hupangwa chini ya mzigo kila jeki inapoupandisha. Kadhalika, hatulaumu matumizi ya maneno “jeki”, “bomba” na “spana”. Hayo yamekwisha kuwa ya Kiswahili, nayo yanakaa vizuri pamoja na mtaimbo, wenzo, kabari na kapi.

Kwa hiyo twapendekeza amri tano, kila moja na kazi yake: “Inua”, “Shusha”, “Kaza”, “Legeza” na “Simama”. “Achia” itumike tu mzigo ukiwa umekwisha kutua na kutulia. “Acha” iondolewe kabisa. Amri zitolewe na mtu mmoja, isipokuwa “Simama”, ambayo yeyote aonaye hatari aweza kuitamka, na wote waitii.

Twapendekeza vilevile kwamba istilahi za namna hii zisomwe kwa sauti mbele ya watakaozitumia kabla hazijasanifiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kujikinga na hatari. Maelezo yenye maana mbili hayajatolewa, hata kama yamechapwa na kubandikwa ukutani.

Wahenga walisema ni heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika kazi hii mambo hayo mawili hayatengani: ulimi ukijikwaa, kidole hakisalimiki.