Pindo na Mji: Lubaina Himid na Siasa ya Kuratibu Maonyesho

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, alihitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1984, baada ya kutafiti wasanii vijana Weusi wa Uingereza. Utafiti huo haukuishia kwenye tasnifu. Mwaka 1985 aliratibu onyesho la The Thin Black Line katika Institute of Contemporary Arts, lililojumuisha wasanii wanawake 11 wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia. Jengo lilikuwa na kumbi. Wao walipewa ujia. Kwa lugha ya kanga, walipewa pindo, si mji. Jina la onyesho, linalotaja mstari mwembamba mweusi, liliugeuza ufinyu huo kuwa hoja. Hata hivyo, hoja nzuri haiondoi dhuluma: ujia uliopambwa hubaki ujia. Tuzo ya Turner, aliyoipata mwaka 2017 akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza, isisomwe kama fidia. Kwa makumbusho ya Afrika Mashariki, ushirikishwaji wa jamii upimwe kwa kuuliza ni nani anayegawa kumbi, si wangapi walioalikwa.